Toleo Lisilo na Dada Mkubwa

"Si wewe mwenyewe uliyenyoosha mkono?" Kitinda alikuwa ameshafika kwenye sauti yake ya tatu, ile ya kupasua vioo. "Watu wazima na akili zao wameuona mkono wako juu. Mhasibu akaandika kabisa kwenye daftari lake, tano kwa sifuri. Leo unaniuliza nani kakutoa? Umejitoa!"

"Nilinyoosha kwa sababu nilijua hutanitoa."

"Kwani mimi mpiga ramli, nijue yaliyomo kichwani mwako?"

"Wewe ni mdogo wangu. Ramli ya nini?"

Mama Kopi alisema hivyo bila kugeuka. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya dukani kwake, mikono imeachia kibodi, uso wa mtu aliyekuta nzi kwenye chai. Kwenye kioo palikuwa na ukurasa wa tatu wa hadithi ya mdogo wake, na kishale kilikuwa kinawaka na kuzimika mbele ya neno "mashuka". Hapo ndipo alipogoma. Tangu asubuhi alikuwa amechapa mashairi ya Fundi Bomba, kisa cha Msusi na kurasa kumi na nne za Mhasibu bila kuinua kichwa. Kijitabu cha kikundi kilitakiwa kiwe tayari saa kumi jioni, nakala sitini. Wageni walikuwa wameshaalikwa, viti vimeshapangwa maktaba, na hadithi ya Kitinda ndiyo iliyochaguliwa kufungua. Sasa ilikuwa saa saba na nusu. Na Mama Kopi, ambaye kwa miaka tisa ya kuchapa barua za watu, wasia wa watu na hata matusi ya watu hakuwahi kumrudisha mteja, alikuwa ameikataa kazi ya ndugu yake wa tumbo moja.

"Haya mashuka," alisema, akigonga kioo kwa ukucha, "niliyafua mimi."

"Najua."

"Hapa umeandika 'niliyafua'. Wewe."

"Msimulizi, dada! Msimulizi si mimi."

"Msimulizi ana kovu kwenye goti la kushoto, alilipata akiruka geti la shule. Hebu pandisha sketi tuone goti lako."

Kitinda hakupandisha sketi. Alivuta kiti cha wateja, akakaa, akainuka tena.

"Sitaki mengi," Mama Kopi akasema. "Sentensi moja tu. Andika, 'Dada yangu alikuwepo.' Basi. Ukishaandika hivyo namalizia, nachapa, tunabana pini, tunakwenda kupiga makofi."

"Haiwezekani."

"Maneno matatu hayawezekani?"

"Ukiingia wewe hadithi inakufa. Msomaji atauliza, kama dada mkubwa yupo, huyu mwingine anafanya nini hapo pembeni ya kitanda cha mama?"

"Ndicho ninachouliza na mimi."

*

Kikundi chenyewe hakikuwa cha Mama Kopi. Yeye alikuwa na stashahada ya uhazili, na mwandishi pekee aliyemheshimu maishani ni yule mwenye hati inayosomeka. Kilikuwa cha Mkutubi, mwanamke mrefu wa maktaba ya mtaa, aliyeamini kwamba mtu mzima yeyote, hata fundi, hata mama wa watoto sita, anaweza kuandika vizuri akipata watu watano wa kumsikiliza bila kumwonea haya. Paa la maktaba lilipoanza kuvuja, Mkutubi akaja dukani kuomba chumba cha nyuma, kile chenye maboksi ya karatasi na printa mbovu iliyogeuka meza ya birika. Mama Kopi alikubali kwa sharti kwamba kopi zao zote watatoa kwake. Biashara ni biashara.

Kitinda alijiunga mwezi wa pili baada ya kumzika mama yao. Alikuwa amerudi kutoka mji wa mbali, kazi yenyewe aliyoing'ang'ania ameiacha, akawa anakaa kwa dada yake akiandika kwenye madaftari ya shule. Mama Kopi hakumuuliza anaandika nini. Alifurahi kuona mtu anaamka asubuhi akiwa na la kufanya.

Taratibu zao ziliandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya manila ukutani. Wa kwanza, kazi yako haisomwi na wewe, inasomwa na mwenzako. Wa pili, wakati wenzako wanaijadili, wewe mwandishi hufungui mdomo, hata wakikuchoma kisu. Wa tatu, uliopigiwa mstari, haulizwi mtu kama jambo lilitokea kweli. Ndani ya chumba kile hapakuwa na mama yako wala mume wako. Palikuwa na wahusika. Mkutubi alikuwa na msemo wake: mhusika asiyebadilisha kitu chochote katika hadithi ni samani, na samani haihitaji jina.

Utaratibu huo uliwasaidia kweli, asiwepo wa kusema vingine. Fundi Bomba alianza na mashairi ya mapenzi yaliyojaa waridi ambalo hajawahi kulinunua. Miezi mitatu baadaye alikuwa anaandika juu ya mkewe akisubiri maji kwenye bomba alilotengeneza yeye mwenyewe, na Msusi alilia mpaka wanja ukamchuruzika. Mhasibu alikuja na kalamu nyekundu, akikata vivumishi vya wenzake kama mtu anayepalilia. Walicheka, walinuniana, walirudi Alhamisi iliyofuata.

Alhamisi ile ya kura, mmoja wao alikuwa na homa, wakapungua. Mkutubi hakupenda kura ya watu wanne.

"Mama Kopi, njoo ukae nasi leo," aliita. "Una masikio, si ndiyo?"

"Ninayo mawili na yote yana kazi," alijibu, lakini akaja, akifuta wino vidoleni.

Alikuwa ametoa nakala za kazi ya siku hiyo asubuhi. Hakuisoma. Mwenye mashine ya kopi hasomi ya watu, asije akashindwa kuwasalimia barabarani. Kwa hiyo Msusi alipoanza kusoma kwa sauti, Mama Kopi alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Mwanamke mzee amepata kiharusi. Binti wa mwisho yuko mji wa mbali, anasikiliza simu. Binti wa kwanza yupo nyumbani, anafua, anachemsha maziwa, anamgeuza mgonjwa ubavu huu na ubavu ule. Mwishoni mzee anafariki usingizini bila kusema neno.

Mama Kopi alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anatazama sakafu.

Ndipo mjadala ukaanza, na kwa utaratibu wao hakuna aliyejua, au kila mtu alijifanya hajui, kwamba wanamjadili mtu aliyekaa kati yao ameshika birika.

"Mimi imenigusa," alisema Fundi Bomba, maana ilikuwa lazima uanze na kilichokugusa. "Ila huyu dada mkubwa, samahani, ananichosha. Anaingia na beseni, anatoka na beseni. Analalamika? Halalamiki. Anapenda? Hatujui. Hiyo ni samani."

"Kabati," akasema Mhasibu.

"Kabati lenye beseni," akasema Msusi, na wote wakacheka. Mama Kopi naye akacheka. Ungefanya nini?

"Na mwisho wake umepooza," Mkutubi akaongeza kwa upole. "Mzee anaondoka kimya, msomaji ananyimwa. Lakini tuanze na dada. Mnaonaje, akitolewa kabisa? Binti awe mmoja. Awe yeye aliye pembeni ya kitanda. Hapo maumivu yote yanakaa mahali pamoja."

Wakapiga kura. Mikono minne ikapanda kwa mkupuo, kisha macho yakamgeukia Mama Kopi. Yeye alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya kimya kama maji mtungini. Akawaza, haya, tuone. Akanyoosha mkono wa tano, juu kabisa, macho kwa mdogo wake. Alikuwa anamwambia kwa mkono ule: niokoe. Akitegemea kwamba Kitinda atauvunja utaratibu wa pili, atafungua mdomo, atasema jamani, huyu hatoki.

Kitinda aliandika kitu kwenye daftari lake. Akasema ahsanteni.

*

"Na kama ungenitoa tu, nisingesema kitu," Mama Kopi aliendelea, sasa amegeuza kiti, wanatazamana. "Mtu anatolewa, anakwenda zake. Lakini wewe umenitoa mimi, mikono yangu ukaibakiza. Kijiko cha plastiki kiko humu! Nilikwambia mimi kwenye simu kwamba cha chuma kinamgonga meno. Kucha za miguu ziko humu. Kila jioni nilikuwa nakueleza, kumbe mwenzangu unaandika."

"Nilikuwa naandika ili nisisahau. Nilikuwa mbali, dada."

"Nani alikuweka mbali?"

"Kazi iliniweka mbali! Nilikuwa kwenye majaribio, miezi sita, ukikosa siku tatu umeondoka. Ulikuwa unajua. Kila siku nilikuuliza, nije? Ukaniambia, anaendelea vizuri, njoo ukipata nafasi. Nikasema mwisho wa mwezi. Tarehe ishirini na tatu ukanipigia. Unajua unachokifanya? Unataka kila kitu. Wewe ulikuwa naye siku kumi na tisa. Ulimshika. Ulimsikia akipumua. Mimi nilifika nikakuta jeneza limefungwa. Nikakushika mikono yote miwili, nikakuuliza, mama alisema nini? Ukaniambia hakusema kitu. Hakusema kitu! Yaani hakuniulizia hata mara moja. Nimekula na hilo, nimelala na hilo mwaka mzima. Basi mashuka yachukue. Kijiko chukua. Weka jina lako kila mahali mpaka ushibe. Lakini ule mwisho niachie. Miezi minne nimeutafuta, nimeutunga mwenyewe, na sina mwingine."

"Mwisho upi?"

"Si bado hujafika? Soma."

Mama Kopi akachukua daftari lililokuwa limeegemezwa kwenye kioo, akafunua kurasa mbili mbele. Hati ya Kitinda ilikuwa nzuri, ya mviringo, mama yao ndiye aliyemfundisha kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku. Palikuwa na mistari michache tu chini ya ukurasa. Mama aliita, "Kitinda." Aliita kama mtu aliye chumba cha pili, anayejua utakuja. Nikasema, "Nipo, mama." Akafumba macho.

Alisoma mara moja. Hakurudia.

"Hodi humu! Natoa kopi ya kitambulisho, mbele na nyuma."

Alikuwa mzee mmoja mwenye kofia, ameshika kitambulisho chake kwa vidole viwili. Mama Kopi aliinuka. Alifungua mfuniko wa mashine, akakilaza kitambulisho, akabonyeza, akakigeuza, akabonyeza tena. Alikata karatasi kwa mkasi, akaweka sarafu kwenye kopo.

"Mbona kimya leo?" mzee akauliza. "Siku nyingine hapa ni kelele tupu."

"Tunapumzika, mzee wangu."

"Pumzikeni. Kelele zitawakuta tu."

Akatoka. Kitinda alikuwa amempa dada yake kisogo, anajifanya anasoma bei za kulaminishia vyeti. Mama Kopi aliugeuza ubao wa mlangoni upande wa "Tumefunga", akarudi mpaka katikati ya duka, akasimama hapo. Alikuwa mwanamke wa kusema mambo moja kwa moja. Mchele alikuwa akiuita mchele, na chuya akiziita chuya. Jambo hili moja tu ndilo lililomshinda mwaka mzima, na sasa lilikuwa limefika mdomoni na halikuwa na njia nyingine.

"Alikuita," alisema.

"Nani?"

"Mama. Alikuita wewe. Kuanzia siku ya nne mpaka siku aliyoondoka. Hakuita mtu mwingine."

Kitinda aligeuka taratibu. "Usinifanyie hivyo. Usinitungie kitu ili nikuweke kwenye kitabu."

"Mimi siwezi kutunga, unanijua. Siku ya nne asubuhi niliingia na maji ya kumwosha. Akaniangalia, akatabasamu. Nusu ya uso ndiyo iliyotabasamu. Akasema, 'Kitinda, umekula?' Nikasema, mama, mimi Kifungua. Kitinda yuko kazini." Jina hilo, Kifungua, hakuna aliyemwita tena. Mama yao ndiye aliyewapa majina hayo, Kifungua na Kitinda, mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. "Akanitazama kama unavyomtazama nesi wa zamu. Akaniuliza, 'Kifungua ndiye nani?'"

"Dada."

"Ngoja nimalize, nikikatisha sitaanza tena. Nilidhani atakumbuka kesho. Kesho yake, Kitinda, maji ya moto hayo. Kesho kutwa, Kitinda, nigeuze. Kitinda, fungua dirisha. Nilikuwa namkata kucha, ananishika kichwa, anasema Kitinda mwanangu una nywele nzuri. Nywele zangu unazijua. Siku ya mwisho aliita mara mbili. Kitinda. Kitinda. Kama ulivyoandika hapa. Sijui umeyatoa wapi, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Kitinda alikuwa ameweka mkono mdomoni. Alipouondoa, hakulia, na hilo lilimtisha Mama Kopi kuliko kilio.

"Siku ya nne," alisema. "Ulijua siku ya nne."

"Nilijua."

"Zilibaki siku kumi na tano. Kwa basi ni siku moja kufika hapa. Ningekuja. Ningeacha ile kazi mezani na kalamu yake wazi, nikaja. Ulikuwa unajua kwamba ningekuja!"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama Kopi angeweza kusema kwamba alikuwa amechoka, na ingekuwa kweli. Angeweza kusema hakutaka mdogo wake apoteze kazi, na watu wangemsifu. Hakusema hayo.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafua, na yeye anakuita wewe. Kila jioni nilishika simu nikisema leo namwambia. Halafu unapokea, unauliza mama anaendeleaje, nami nimetoka kumbeba, mgongo umekatika vipande, nasema anaendelea vizuri. Niliona kabisa, nikikwambia, utakuja, utaingia pale mlangoni na begi lako, atakuona wewe mwenyewe. Mimi sasa ningekuwa nani? Ndani ya nyumba yangu, ningekuwa nani?"

Kitinda alirudi nyuma mpaka akagonga maboksi ya karatasi, akashuka nayo mpaka chini. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ya chini, mdomo wazi, mikono imelala mapajani kama si yake. Mama Kopi hakumwendea. Alijua hana ruhusa. Alisimama akihesabu maboksi, saba, akayahesabu tena.

"Sijui kama nitakusamehe," Kitinda alisema.

"Sijakuomba bado."

"Huwa huombi."

"Nitaomba. Si leo. Leo nikiomba utanipa kwa huruma tu."

Kitinda alijifuta kwa kiganja. Nje mtu alijaribu mlango, akasoma ubao, akaondoka.

"Ulimjibu nini?" akauliza.

"Nani?"

"Mama. Alipokuwa ananiita. Ulimjibu nini?"

"Siku ya kwanza ndiyo nilibisha. Baada ya pale nilikuwa naitika."

"Unaitikaje?"

"Nipo, mama."

"Kwa jina langu."

"Kwa jina lako. Ningefanyaje? Alikuwa akiitikiwa anatulia."

"Kwa hiyo alidhani nilikuja."

"Alidhani hukuwahi kuondoka."

Kitinda alifunika uso kwa mkono mmoja. Na hapo Mama Kopi aliona jambo ambalo kama si kukaa na watu wale Alhamisi ile asingelitambua. Mkono wa mdogo wake, wenyewe, bila mwenyewe kuutuma, ulikuwa unapapasa sakafuni kutafuta kalamu. Uliipata. Kitinda aliinua uso uliolowa, na macho yake, mekundu hivyo hivyo, yalikuwa yameshaanza kuona mbali.

"Dada. Nakurudisha."

"Wapi?"

"Humu. Nakurudisha yote, kama ilivyokuwa. Beseni lako, mashuka yako, kila kitu. Mama anaita jina la yule ambaye hayupo, na aliyepo anaitika. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Siku zote ilikuwa hiyo. Nipe saa moja tu. Nampigia Mkutubi, asogeze muda, naandika hapa hapa sakafuni." Alikuwa amemaanisha. Alikuwa anatoa kitu pekee alichokuwa nacho, na anakitoa kwa moyo wote. "Hutakuwa samani tena. Utakuwa wewe ndiye hadithi."

Tangu saa saba Mama Kopi alikuwa amepigania maneno matatu. Sasa alikuwa anapewa kurasa nzima. Akaliona jambo lote jinsi litakavyokuwa. Ukumbi wa maktaba, paa limeshazibwa, viti sitini. Msusi anasoma kwa ile sauti yake ya kupanda na kushuka. Fundi Bomba anatikisa kichwa, sasa dada mkubwa amepata kazi. Mhasibu ameweka chini kalamu nyekundu, hana cha kukata. Mkutubi amefumba macho, maana hiyo ndiyo dalili yake kwamba kitu kimekuwa kizuri. Na kitakuwa kizuri kweli, bora kuliko chochote walichowahi kuandika. Halafu Msusi atafika kwenye swali. Lazima litakuwemo, bila lenyewe hakuna hadithi. Watu sitini watamsikia mama yake akiuliza Kifungua ndiye nani. Kisha watabeba kijitabu nyumbani, na swali litakaa kwenye makabati yao miaka na miaka, na hakuna atakayelijibu, kwa sababu pale kitandani halikujibiwa.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Mimi sirudi humo."

"Lakini ndicho ulichokuwa unataka! Sasa hivi, dada, si umenipigia kelele hapa..."

"Nilitaka waone kwamba nilikuwepo. Si waone nilivyokuwepo." Akainama, akaichukua ile kalamu kutoka kwenye vidole vya mdogo wake, taratibu, kama unavyomwondolea mgonjwa kikombe. "Ukiniweka vile ilivyokuwa, mama yangu atanisahau tena. Mbele ya watu, kila mtu akifungua ukurasa. Alinisahau siku kumi na tano, Kitinda. Zinatosha."

"Basi hata ile sentensi moja. Dada yangu alikuwepo."

"Yeye hakuwa na mtu mwingine chumbani. Alikuwa na wewe."

"Itakuwa uongo."

"Kwako uongo. Kwangu uongo. Kwake yeye ndivyo ilivyokuwa, na aliondoka ametulia. Mwache aondoke hivyo hivyo."

Kitinda alifungua mdomo. Hapakuwa na karatasi ya manila kwenye ukuta wa mbele wa duka, hakuna aliyemkataza kusema, lakini neno halikupatikana.

Mama Kopi aliketi kwenye kiti chake, akasogeza daftari karibu na kioo. Alianza pale alipogomea. Alichapa "niliyafua". Alichapa kijiko, maziwa, kucha, dirisha. Vidole vyake vilikwenda kwa mwendo wao wa kila siku, wa mtu aliyesomea kazi yake, na macho hayakutoka kwenye hati ile ya mviringo. Mara moja tu alisimama, akajifuta kwa mkono wa blauzi, akaendelea. Alifika kwenye mistari ya mwisho, akaichapa kama ilivyo, na alama zake za kunukuu, na nukta yake. Akaipitia yote kutafuta makosa ya mashine. Hayakuwepo.

Aliihamisha mbele ya kazi nyingine zote, kama kikundi kilivyoamua, akapanga kurasa, akavuta trei ya printa, akaijaza karatasi mpaka kwenye alama.

"Dada, subiri kidogo," Kitinda alisema kutoka sakafuni. "Tafadhali. Tufikiri."

Mama Kopi aliandika sitini kwenye kisanduku cha nakala, akabonyeza.